Shahidi wa wosia asiwe mrithi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kuhimiza watu waandike wosia mapema nimeisoma mara mbili, na sina ugomvi nayo. Ila iliishia palepale yalipoanzia matatizo ya familia yetu. Kuandika, mama yetu aliandika. Aliandika kwa mkono wake, kurasa mbili, kila mtoto na fungu lake, na nyumba akamwachia dada yangu mkubwa aliyemuuguza miaka sita. Kilichotuponza ni mistari miwili ya mwisho, pale penye saini za mashahidi.

Siku hiyo chumbani walikuwa watu watatu tu: mama, jirani aliyekuja kumjulia hali, na dada. Wosia ulihitaji mashahidi wawili. Jirani akasaini, kisha akampa dada kalamu. Karatasi ile nimeitazama mara nyingi mno. Saini ya dada imepinda kwa sababu aliiwekea juu ya goti, na anasema mkono wa pili ulikuwa umeshika bilauri ya maji ya mgonjwa. Hapakuwa na hila yoyote. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1837, na sheria nyingi zilizofuata nyayo zake, zinasema kwamba shahidi wa wosia, au mume au mke wake, akiachiwa kitu katika wosia huohuo, alichoachiwa kinabatilika. Wosia wenyewe unabaki hai, linalokufa ni fungu la shahidi. Basi sisi wadogo tukapata kama mama alivyotaka, na yule aliyekesha naye akakosa. Nyumba ikahesabiwa kuwa mali isiyotajwa kwenye wosia, igawanywe kwa watoto wote sawa.

Tungeambiwa mapema sentensi moja tu, yasingetukuta haya: shahidi awe mtu ambaye hapati chochote katika wosia huo, wala mwenzi wake hapati. Na ya pili iende nayo: chini ya sheria hizo, mashahidi wote wawili wawepo kwa pamoja mwenye wosia anapotia saini. Kuna watu wanaosaini usiku peke yao, kisha kesho yake wanapeleka karatasi kwa rafiki huyu na jioni kwa yule, wakidhani saini zikitimia kazi imekwisha. Haijaisha.

Nimekaa mahakamani na familia nyingine zikisubiri zamu, na nimejifunza kwamba makosa mengi ni ya namna hii. Hayatokani na tamaa, ingawa tamaa huja baadaye na kuyatumia. Mtu anaandika kwenye wosia kwamba fedha za pensheni ziende kwa watoto, na huku fomu aliyoijaza kazini miaka ishirini nyuma bado ina jina la mke waliyeachana naye. Huko Marekani mwanamume mmoja alipewa talaka mwaka 1994, akafa kwa ajali baada ya miezi miwili hivi, bila kubadilisha jina kwenye bima na pensheni ya kazini. Watoto wake wa ndoa ya awali walishtaki. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2001 ikaamuliwa kwamba fomu ndiyo ifuatwe. Fedha zikabaki kwa mtalaka. Kwa hiyo anayeandika wosia leo, kesho yake akaziombe fomu zake azisome upya.

Halafu wapo wanaogawa kisichogawika. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja ana uhuru juu ya nusu tu ya mali yake, wa watoto wawili theluthi, wa watatu au zaidi robo. Iliyobaki ni haki ya watoto, apende asipende. Katika sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi moja, na kwa Wasunni mrithi mwenye fungu lake hausiwi zaidi mpaka warithi wenzake waridhie. Baba anayeandika "mali yangu yote namwachia kitinda mimba" anaweza kuwa anamwachia kitinda mimba kesi.

Kuhusu wazee na wagonjwa, kipimo cha akili timamu ambacho mahakama nyingi bado zinakitumia kilitolewa Uingereza mwaka 1870: je, mtu anajua kwamba anafanya wosia, anajua kwa jumla ana mali gani, na anawakumbuka wanaomtegemea? Ugonjwa peke yake haumwondolei mtu haki ya kuusia. Ila ni vyema daktari amwone siku hiyohiyo na kuandika alichokiona, kwa sababu pingamizi litakapokuja, mwenyewe hatakuwepo kujibu. Na karatasi halisi ifichwe mahali ambapo angalau mtu mmoja anapajua. Wosia uliokuwa mikononi mwa marehemu usipoonekana, mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza huanza na dhana kwamba aliuharibu mwenyewe.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mtakapoandika tena "andika wosia", wekeni pembeni kisanduku chenye maelezo ya namna ya kutia saini, kilichopitiwa na wakili, ili msomaji akikate na kukihifadhi pamoja na karatasi zake.

Dada bado anaishi katika nyumba ile. Ndugu watatu tumeshatia saini ya kumwachia mafungu yetu, kwa kuwa sote tunajua mama alitaka nini. Wa nne hajatia, na wakili wake ametuandikia barua ya kutaka nyumba iuzwe. Kesi itatajwa tena mwezi ujao.

Wenu,
Mtoto wa tatu wa marehemu