Wifi, hiyo kozi ya sukari usiitolee likizo yako

Wifi yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, mpaka pale maneno yalipokuishia ukaangua kile kicheko chako cha hasira. Kwa hiyo majibu yametoka, HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, imevuka ile 48 ya kuhesabiwa una kisukari, daktari amekuanzishia dawa ya metfomini na nesi amekuandikia kozi ya DESMOND, ile ya kuwafundisha wenye kisukari cha aina ya pili. Barua ya kozi ukampelekea meneja wako hapo kwenye nyumba ya wazee. Akaitazama, akageuka kuitazama rota ya zamu ukutani, akasema, "Sawa, ila tumia siku ya likizo yako." Nawe ukaitikia.

Kuitikia kwa mdomo koridoni hakujakufunga. Hujaandika kitu bado, basi tuanzie hapo.

Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako si lako peke yako. Tuko wengi tunaofanya kazi za zamu katika nchi hii, tukipimwa sukari tunaambiwa iko juu, halafu kila mmoja anajificha na barua yake mfukoni akidhani ni yeye tu. Jina lako silitaji. La kaka yangu nalo silitaji, ingawa yeye angestahili kuanikwa.

Ukweli mchungu kwanza. Hapa Uingereza hakuna sheria inayompa kila mfanyakazi ruhusa ya kwenda kwa daktari saa za kazi. Mama mjamzito anayo haki yake ya kwenda kliniki huku analipwa. Mwenye sukari hana iliyoandikwa kwa jina lake. Diabetes UK, shirika la kuwatetea wenye kisukari, wameshawahi kuitaka serikali iweke haki ya namna hiyo kwa ajili ya kozi hizi hizi, na haijawekwa. Kwa hiyo meneja akisema sheria haimlazimishi kumpa kila mtu ruhusa, hadanganyi. Ila amesoma ukurasa mmoja akafunga kitabu.

Ukurasa wa pili ni Equality Act ya 2010. Sheria hiyo inamwambia mwajiri kwamba mfanyakazi mwenye hali ya kiafya ya muda mrefu, yaani ya mwaka mmoja au zaidi, inayomzuia kwa kiasi kikubwa katika shughuli za kila siku, afanyiwe marekebisho kazini yaliyo ndani ya uwezo wa mwajiri. Najua sheria inaliita jambo hilo ulemavu na wewe hutaki kuitwa hivyo. Usiitwe, lakini usiukimbie mlango wenye faida kwa ajili ya kibao kilichoandikwa juu yake. La muhimu kwako ni hili: wanapopima ukubwa wa hali yako, wanatakiwa waulize ungekuwaje bila dawa. Wewe unameza metfomini kila siku, kwa hiyo una la kusema. Mwaka 2015 dereva mmoja wa basi wa London alishindwa kwenye mahakama ya rufaa ya kazi, kwa kuwa sukari yake aliidhibiti kwa kuepuka vinywaji vitamu tu, na mahakama ikaona hilo si zito la kutosha. Ndiyo maana sikuambii una ushindi mkononi. Nakuambia una hoja, na mameneja wengi wakiiona hoja imeandikwa vizuri hawataki kuifikisha mbali. Tena mwongozo rasmi wa sheria hiyo, ule wa ajira, umetaja wazi katika mifano ya marekebisho kumruhusu mtu kukosekana saa za kazi kwa ajili ya matibabu, uchunguzi au kurejeshwa katika afya njema.

Na kozi hii ni matibabu. Hapo ndipo nataka usimame usiyumbe. Meneja wangu wa zamani aliiita semina, kana kwamba nilikuwa naenda kula sambusa na kupiga picha. NICE, chombo kinachowaandikia madaktari wa hapa miongozo, kinataka mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili apewe elimu iliyopangwa tangu anapogunduliwa, na akumbushwe kila mwaka. Hukujiandikisha kwa kupenda. Kliniki imekupeleka, vile vile itakavyokupeleka kupimwa macho na miguu.

Basi andika barua pepe, leo kabla ya zamu. Kiingereza chepesi kinatosha. Sema umegunduliwa na kisukari cha aina ya pili, unatumia dawa, kliniki imekupangia kozi tarehe fulani, na barua umeiambatisha. Sema unaomba muda huo kama marekebisho chini ya Equality Act, wala si likizo ya mwaka. Taja mwenzako aliyekubali kubadilishana zamu nawe, maana meneja wa nyumba ya wazee hofu yake ni moja tu: nani atakuwepo. Malizia kwa kuomba jibu la maandishi, na kuomba habari za afya yako zibaki kwake. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu chumba cha chai nakijua. Ukisema una sukari saa nne, kufika saa sita umeshaletewa mdalasini, unga wa mlonge, na namba ya mtu wa Birmingham anayetibu kwa maombi.

Kuhusu malipo, omba ulipwe. Wanaweza kukataa malipo wakakubali muda, na kwa siku moja hilo si janga. Kwa walio upande wa X-PERT, kozi nyingine ya kisukari inayokwenda wiki sita, au wenye aina ya kwanza wanaopelekwa DAFNE ya siku tano, hesabu ni nyingine na wao wapiganie malipo zaidi. Wewe DESMOND ni kama saa sita tu za darasa, siku moja au nusu siku mbili.

Sasa la usiku. Wewe unaingia saa mbili usiku, unatoka saa mbili asubuhi. Usije ukakubali wakikwambia, "Kozi si inaanza saa tatu na nusu asubuhi? Zamu inakwisha saa mbili, nenda moja kwa moja." Hiyo wanakupa kitu ambacho tayari ni chako, tena ni usingizi wako. Utakaa pale macho mekundu, mtu anakueleza habari za wanga na wewe unasikia sauti kwa mbali. Omba usiku wa kuamkia kozi uwe huru. Kama kozi ni siku mbili, usiku wa kati nao. Liandike kwenye barua pepe ile ile, kwa tarehe, ili asije kusema hakuelewa.

Kuna jambo hukulisema kwenye ujumbe, nami nimelisikia. Viza. Kampuni ndiyo iliyokuleta, na unaona ukiinua shingo watakukata. Kinachomtia matatani mwenye viza ya kazi upande huo ni kukaa bila malipo zaidi ya wiki nne kwa jumla ndani ya mwaka wa kalenda, na likizo ya ugonjwa haimo katika hesabu hiyo. Siku moja ya kozi haifiki hata karibu. Na kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu ameomba haki chini ya Equality Act nako kumekatazwa na sheria hiyo hiyo. Sisemi hawafanyi. Nasema weka nakala ya kila kitu kwenye barua pepe yako mwenyewe, si ya kazini, na mambo yakikaza piga simu Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri wao ni bure na hawakuulizi viza. Kama umejiunga na chama cha wafanyakazi, mwakilishi ajue mapema, kabla hamjakaa kikao.

Watakwambia pia, "Si uifanye kwenye intaneti?" Ipo, MyDESMOND, na kama kwa kweli wamekugomea, ifanye usikose vyote. Ila mimi napenda darasa. Hakuna anayesimama kukufokea kwa unene wako. Watu wachache mnakaa, kila mmoja anaeleza alivyogunduliwa, unashika majibu yako mwenyewe na kuyaweka kwenye chati, sukari, presha, lehemu, halafu unaulizwa wewe utaanza na lipi. Kwetu Leicester, ambako ndiko makao ya kozi yenyewe, walitandaza picha za vyakula mezani. Viazi, mkate, pasta, wali kidogo. Ugali hakuna. Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, akainua mkono akauliza, "Na mogo je?" Mwalimu akababaika. Mimi nikamgeukia mzee kwa Kiswahili, akafurahi kupita kiasi, na muda uliobaki tukawa tunamweleza mwalimu ukubwa wa sahani ya muhogo kwa ngumi zetu. Naye aliandika. Hilo simu haikupi. Nawe nenda na maswali yako ya futari na ya dawa mwezi wa Ramadhani, usimwachie nesi wa dakika kumi.

Nisikupambie lakini. Utafiti wa DESMOND uliotoka mwaka 2008 kwenye jarida la BMJ, kwa watu 824, ulikuta waliohudhuria walipungua uzito zaidi na wengi zaidi waliacha sigara, na waliuelewa ugonjwa wao vizuri zaidi; ila kwenye HbA1c baada ya mwaka hawakuwapita sana wenzao waliobaki na huduma ya kawaida. Kwa hiyo usitoke pale ukitegemea namba zishuke zenyewe, na meneja asikuulize baadaye "mbona hujapona". Unakwenda ili ujue unachokifanya kila siku unapomeza kidonge na unapopakua chakula, kwa sababu nesi atakuona mara chache na sahani utaiona kila siku.

Na kupakua kwenyewe kunanileta kwa kaka yangu. Soma barua ya kozi vizuri, DESMOND huwa wanakaribisha uje na mtu wako. Yeye teksi ni yake, hana meneja wala rota, hana pa kujificha. Jumapili zote pilau anapika yeye, na mkono wake wa mafuta tunaujua toka Tanga. Mwandikishe kwa jina lake kamili kabla hajapata udhuru, na hiyo barua pepe nitumie niipitie kabla hujaibonyeza.

Wifi yako