Msimpime fundi wa kike kwa misuli

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mafundi wa kike wa malori ilikuwa nzuri, ila kila aya iliwasifu kwa kuwa na nguvu kama za wanaume. Sifa hiyo ndiyo inayowafungia wengine mlango.

Chukueni kazi ambayo gereji nyingi humjaribia binti siku ya kwanza: kufungua tairi la nyuma. Nati za malori mengi, zinazofungwa kwenye stadi (bolti za gurudumu) zenye unene wa milimita 22, hukazwa kwa takriban Nyutonimita 600, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Ukiwa na mpini wa spana wa nusu mita, unahitaji msukumo unaolingana na uzito wa kilo 120 hivi. Mvulana wa kilo 65 naye hawezi, ila yeye huachwa apande juu ya spana arukeruke, na hakuna anayesema ameshindwa. Mpini wa mita moja hushusha hesabu hadi kilo 60. Ile spana ya gia, inayozungushwa kama mashine ya kusagia nyama, hulegeza nati kwa mkono mmoja, polepole. Ila isitumike kumalizia kukaza, maana mkono hauhisi mkazo umefika wapi.

Kurukaruka ndiko kunakoharibu. Spana huchomoka, kona za nati hulika, stadi hukatika. Fundi anayeijua kazi hupaka mafuta ya kutu na kusubiri, hulegeza nati tairi likiwa bado chini, ndipo anapiga jeki. Wakati wa kurudisha husafisha nyuzi, hukaza kwa kukatisha upande huu na ule, humalizia kwa spana ya toki, ile inayopima mkazo, na hurudia kukagua nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Hatua hii ya mwisho, tuseme kweli, mafundi wengi wenye misuli huiruka.

Gia boksi ya lori kubwa nayo huzidi kilo 200. Hiyo ni kazi ya jeki yake au winchi. Gereji isiyo navyo haina haki ya kumlaumu binti, na migongo ya wanaume wake inajua kwa nini.

Kuna mambo madogo yanayoumiza kweli. Glavu namba 10 kwenye mkono wa namba 7 huacha ncha tupu za vidole, na mkanda wa feni huzinasa. Mikono ya ovaroli iliyokunjwa hufunguka karibu na propela, ule mhimili unaozunguka chini ya lori. Hijabu haina shida ikiwa ya kitambaa kinachonyumbulika, haina pini, na ncha zake zimeingizwa ndani ya ovaroli. Pete wavue wote, wake kwa waume: ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, inaunguza kidole.

Lakini lililo zito ni mgawanyo wa kazi. Binti hupewa kuosha vipuri, kuandika stoo, kufuata chai. Mafunzo kazini yanaisha hajawahi kushusha klachi, anafeli jaribio, halafu inasemwa wanawake hawawezi. Daftari la mafunzo lioneshe kila kazi, nani aliifanya kwa mkono wake na nani alishuhudia, si saini ya jumla mwisho wa mwezi.

Tena msiandike kwamba wanawake ndio kwanza wanaingia kwenye kazi ya magari. Agosti 1888 Bertha Benz aliendesha gari lililobuniwa na mumewe, Karl Benz, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Njiani alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na breki zilipolika akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Alichohitaji ni kujua gari linafanyaje kazi.

Mwandishi wenu akirudi kwenye gereji aliyoiandika, aombe madaftari matatu, la binti mmoja na ya wavulana wawili aliofunzwa nao, afungue ukurasa wa gia boksi na klachi, kisha atuandikie alichokiona.

Wakufunzi wa ufundi wa magari makubwa,
Morogoro