Kuhusu mdogo wako

Ngara, Nairobi

Mpendwa Mkamburi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nakujibu bila kukuzungusha. Unauliza kama mdogo wako Mwakio ameharibiwa na marafiki hata akaanza kunywa pombe. Sidhani, na nakuomba usimwendee kwa maneno hayo.

Naishi ukuta kwa ukuta na wanafunzi hawa. Pesa za HELB, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zikiingia, Ijumaa jioni wanachanga, mzinga wa pombe kali unanunuliwa, kikombe kimoja cha plastiki kinazungushwa. Kikikufikia, wote wanakukodolea macho mpaka ukimalize. Wataalamu wanasema mwanamume akinywa vipimo vitano vya kawaida vya pombe ndani ya saa mbili hivi, au mwanamke vinne, huo ni ulevi wa kupindukia. Mzinga wa mililita 750 wakiumaliza watu watatu, tayari wamepita hapo.

Mbona hakuna anayekataa? Kwa sababu kila mmoja anadhani wenzake wanafurahia kuliko yeye. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti wao wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani: wanafunzi waliamini kwamba wenzao wanaustarehea unywaji wa pale chuoni kuliko wao wenyewe. Kila mtu kanyamaza na wasiwasi wake.

Lakini kwa Mwakio naona jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Alipopita kwangu Jumapili aliniambia kwamba bila kunywa hawezi kuongea mbele za watu, na akiwaza mtihani wa kurudia hutafuta kitu cha kuzima mawazo. Anayekunywa kutuliza hofu yuko hatarini kuliko wa sherehe. Pombe huiondoa hofu kwa saa chache, kisha asubuhi inarudi imezidi, naye anarudi kwenye chupa.

Kwa hiyo muulize kuhusu huo mtihani kabla ya kutaja pombe. Mama msimwambie bado. Aibu itamsukuma kujificha. Wenzake wa chumba nimewasihi: akizima wamlaze kwa ubavu, wasimwache peke yake, na asipoamka wakimbie naye hospitali. Namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo. Nimemwandikia, akaiweka mfukoni bila kusema kitu.

Mpigie Jumatano jioni, anakuwa hana darasa. Ukishaongea naye nijulishe, nijue kama nimsindikize kwa mshauri wa chuo wiki ijayo.

Wako,
Atieno