Heri ya Pasaka kwa waliovuka na wanaovuka

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu nyote, mliokesha kanisani na mliofuatilia redioni mkiwa zamu kazini.

Kwenye Mkesha wa Pasaka masomo ya Agano la Kale yanaweza kupunguzwa, lakini lile la Kutoka sura ya 14, Waisraeli wakivuka bahari, haliachwi kamwe. Kila nikilisikia naukumbuka wimbo wa Kijerumani wa sauti moja na piano, "Dank sei Dir, Herr". Kwa miaka mingi umechapishwa kwa jina la Händel, mtunzi mashuhuri wa muziki, ingawa leo unahesabiwa kuwa kazi ya Siegfried Ochs, aliyeanzisha kwaya ya Philharmonischer Chor mjini Berlin mwaka 1882. Kwangu haujapungukiwa na kitu kwa kukosa jina kubwa.

Maneno yake ni machache. Ushukuriwe, Bwana, umewaongoza watu wako, Israeli, kuipita bahari. Walipita kama kundi, mkono wako ukawalinda, kwa wema wako ukawapa wokovu. Basi. Unaimbwa polepole, kwa pumzi ndefu.

Katika Kutoka 15, farasi na mpanda farasi wametupwa baharini, na Miriamu ameshika tari mkononi. Wimbo huu wa Ochs haumtaji Farao hata mara moja. Hakuna gari lililozama wala adui wa kuzomewa. Yupo aliyevusha na wapo waliovushwa. Hilo ndilo linalonigusa, tena linanisumbua. Sisi tukisimama kutoa ushuhuda, sehemu kubwa huwaendea waliotutakia mabaya: jirani, mawifi, bosi. Mungu anakuja kupata neno moja mwishoni, baada ya Farao kula muda wote.

Basi wewe uliyevuka mwaka huu, uliyejifungua salama, uliyemaliza matibabu, uliyepata kazi baada ya kuhangaika, shukuru ukiwataja walioushika mkono wako tu. Hao wengine waache baharini.

Na ninyi ambao bado mko katikati ya maji, mnaouguza, mnaodaiwa ada, mliozika ndani ya Kwaresima hii, sitawaharakisha kuimba. Nitawaombea kwenye Misa ya Jumatatu ya Pasaka. Mwenye nia yake aniandikie, niipeleke altareni.

Wasalimieni wazee na watoto wote. Pasaka njema.