Barua ya wazi: Karatasi yetu ya boma la Kyffhausen imelala wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Salamu na heshima kwako. Kwa Kijerumani nimeshakuandikia mara tatu, na barua zote tatu nilizipeleka kwa mkono hadi dirishani kwenu. Hii ya nne naiandika kwa Kiswahili na naiweka hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe ni la Kiswahili, na kwa kuwa wenzetu wa Nordhausen, Erfurt na Leipzig kila tukikutana wananiuliza imefikia wapi ile karatasi ya Kiswahili uliyoahidi kuwawekea wageni, ya kueleza habari za Kyffhausen, boma la kale juu ya mlima Kyffhäuser hapa Ujerumani. Nimechoka kujibu "bado". Jina lako sitalitaja, wala la ofisi yako. Mwenyewe unajijua.

Jumapili iliyopita ndiyo iliyonifikisha hapa. Baba mkubwa wangu amekuja kutoka Kilosa kumwona binti yake. Ana miaka 71 na goti la kushoto linamsumbua. Mimi nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikaoga, nikaazima gari la jirani, tukapanda mlima Kyffhäuser. Nilikuwa nimemwambia tangu yuko Kilosa: "Ukija, baba, utasoma habari za boma lao kwa lugha yako. Mkuu mwenyewe ameahidi." Nilimwambia hivyo kwa simu, kwa kujiamini, kwa sababu uliahidi mbele ya watu zaidi ya thelathini, mwezi wa Machi mwaka jana. Maneno yako nayakumbuka: nipeni miezi mitatu. Leo ni miezi kumi na minne.

Tulipofika juu, upepo ulikuwa unavuma hadi kofia yake ikamtoka. Wageni wote walikuwa wanaelekea upande mmoja tu, kwenye mnara wa ukumbusho. Siwalaumu. Una mita 81, na farasi yule wa shaba anaonekana tangu mbali. Lakini baba mkubwa hakwenda huko. Alikwenda kwenye ukuta. Alisimama chini ya mnara wa pembe nne, ule mnaouita wa Barbarossa, Kaizari wenu wa kale, uliobaki mita 17 hivi, akaweka kiganja kwenye jiwe jekundu. Kwenye ufa kulikuwa na ukungu wa kijani, na chembe za mchanga zikambakia kiganjani kama unga. Akazitazama, akasema: "Kumbe na wao walikuwa na boma."

Boma. Neno hilo, Mheshimiwa, ndilo nililopigania wiki nzima nilipotafsiri ile karatasi. Kamusi inanipa "ngome", na ngome ni neno zuri. Lakini kwetu jengo la Mjerumani lenye kuta nene na bendera juu liliitwa boma. Nenda Bagamoyo ukaulize, utaoneshwa Boma la Mjerumani. Mzee wa Kilosa hakuhitaji kamusi. Aliona ukuta wa kale wa kijeshi juu ya kilima, akauita kwa jina lake. Niliandika "boma" kwenye tafsiri, na Jumapili ile nilijua nilikuwa sahihi.

Baada ya hapo akauliza: "Hapa pameandikwaje?" Nikaenda kaunta. Karatasi haikuwepo, na aliyekuwa pale, kijana mpole kabisa, hakuwahi kuisikia. Nikarudi nikaanza kumsomea baba mkubwa kutoka kwenye simu yangu, upepo ukila maneno, yeye ameshika goti.

Nilimsomea kwamba boma hili lilikuwa na sehemu tatu juu ya mgongo wa mlima, ya juu, ya kati na ya chini, urefu wake wote kama mita 600. Kwamba lililinda jumba la wafalme lililokuwa Tilleda, hapo bondeni. Kwamba mwaka 1118 lilitekwa na kubomolewa katika vita vya watawala wa Saksonia dhidi ya Kaizari, likajengwa upya na kupanuliwa, na zama za Friedrich Barbarossa ndizo zilizolipa sifa. Nilimwonesha kisima, mita 176 kwenda chini, kimechimbwa kwenye mwamba kwa nguvu za mikono. Tukapiga hesabu pamoja: mnara wa ukumbusho ungeingia humo kwa kina mara mbili na nafasi ikabaki. Baba mkubwa, ambaye amechimba visima viwili maishani mwake, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza waliochimba waliitwa nani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilimweleza na ile hadithi ya kale kwamba Barbarossa hakufa, amelala ndani ya mlima, ndevu zake zinakua kuizunguka meza, na kunguru wakiacha kuruka ataamka. Ukweli ni kwamba alikufa maji mwaka 1190 mtoni huko Anatolia, akiwa njiani kwenda vitani. Mzee alicheka. Akasema hata kwetu wapo waliolala milimani.

Ndipo tukafika kwenye mnara wa ukumbusho wenyewe, akanyoosha fimbo. "Na huyu aliyepanda farasi?"

Hapo, Mheshimiwa, nakuomba usome polepole.

Huyo ni Kaizari Wilhelm wa Kwanza. Mnara ulijengwa kati ya 1890 na 1896 kwa juhudi za vyama vya askari wa zamani, ili kumwonesha kama mrithi wa Barbarossa: mwenye ndevu nyekundu ameketi chini kwenye jiwe, mwenye ndevu nyeupe yuko juu ya farasi. Ili mnara usimame, upande wa mashariki wa boma la juu ulitolewa. Boma la kati nalo limeliwa na machimbo ya mawe. Kuta zilizokuwa zimesimama zaidi ya miaka 700 zikapisha sanamu. Mimi hili linaniuma kuliko nilivyotegemea, ingawa si kuta za babu zangu. Mtu akivunja kaburi la zamani ili ajenge kaburi jipya, hata mpita njia husikia vibaya.

Na Wilhelm huyo huyo ndiye aliyetia saini hati ya ulinzi, ile ya kuziweka nchi zetu chini ya Ujerumani, ya tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Hati ile ilitaja Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Karl Peters, Mjerumani aliyekuja kwetu kutafuta koloni, alikuwa amerudi na mikataba yake ya ulaghai, ukiwemo ule wa Mangungo wa Msovero ambao kila mtoto wa shule Tanzania anausoma, na Kaizari akaitia nguvu. Msovero iko Kilosa. Baba mkubwa amezaliwa huko. Alikuwa amesimama na fimbo yake mbele ya mtu aliyeiweka nchi ya babu zake kwenye karatasi bila kuiona, na hapakuwa na mstari hata mmoja katika lugha anayoisoma wa kumwambia hivyo. Alisikia kwangu, mtoto wake, aliyekesha usiku kucha na macho mekundu.

Hakukasirika. Alirudi kwenye ukuta, akakaa kwenye jiwe, akasema: "Hawa wa boma hawakutukosea. Waandikie hao, wakae na lao. Na huyu wa farasi aandikiwe la kwake." Nimeliandika hilo kwenye daftari usiku ule ule.

Sasa, kwa nini karatasi haijatoka? Nimewaza mengi. Labda fedha. Lakini ni kurasa nne, na niliahidi kuzitafsiri bure na nikazitafsiri bure. Wiki tatu, kila nikitoka zamu, nikisaidiwa na mwalimu mstaafu wa Morogoro kwa simu, vocha nikinunua mwenyewe. Labda imelala kwenye droo ya mtu aliyehama idara. Labda, na hili ndilo ninaloliogopa, ni ile sentensi ya tarehe 27 Februari 1885. Nakumbuka ulivyoisoma mbele yangu, ukarudia, ukavua miwani. Ukasema, "Hii ni nzito." Ni kweli ni nzito. Ndiyo maana inahitaji kuandikwa hapo hapo kwenye mawe yenyewe, wala si kwenye kitabu cha chuo kikuu.

Mwanzo niliomba bango la kudumu karibu na mnara wa pembe nne. Ukasema bango lina taratibu zake kwa kuwa ni eneo la kale, nikakubali. Nikaomba karatasi. Nikaomba basi hata nakala za fotokopi, nyeusi na nyeupe, hamsini tu, nizilipie mimi. Ukipenda fupisha. Toa habari za mawe ya miti iliyogeuka kuwa jiwe, ingawa watoto wanazipenda. Toa hata ile ya kunguru. Ukurasa wa boma la kale uache, na sentensi ile iache.

Sikuombi uushushe mnara, wala umwondoe mtu juu ya farasi wake. Naomba karatasi. Nilishaiandika, unayo, ina ukurasa wa kwanza wenye mhuri wenu wa kupokelewa, tarehe 9 Aprili mwaka jana, nakala ninayo. Itoe karatasi.

Baba mkubwa anaondoka tarehe 19 mwezi ujao. Kila asubuhi akimaliza chai ananiuliza kama kuna barua. Nipigie hata jioni ya kuamkia safari yake. Gari la jirani nitaliazima tena, na goti lake tutalifunga vizuri, nitampandisha akaisome mwenyewe, amekaa kwenye lile jiwe.

Wako katika kusubiri,
Mtoto wa Kilosa, mkazi wa Nordhausen