Barua ya wazi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali: fidia ya reli isilipwe kwa bei ya juzi

Mheshimiwa,

Mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Uganda, kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, ulisainiwa Oktoba 2024. Dalali wa viwanja hangoji tingatinga, tangazo tu linamtosha kupandisha bei. Mwenye ardhi iliyo njiani mwa reli, yeye bei yake hufungwa siku anayohesabiwa mali, kisha akaambiwa asubiri.

Tupige hesabu ya mfano. Mtu ana desimali 50 (desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari), kila moja imethaminiwa shilingi milioni 3: jumla milioni 150. Ongeza asilimia 15 ya usumbufu iliyomo kwenye Sheria ya Ardhi, apate milioni 172.5. Malipo yakichelewa miaka miwili na jirani sasa anauza desimali kwa milioni 5, pesa hizo zinanunua desimali 34 na nusu. Hajaibiwa na mtu, ila amepungukiwa desimali 15 na ushee. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe upesi, tena kabla ya ardhi kuchukuliwa, na Mahakama ya Juu ililikazia hilo mwaka 2015. Tunapendekeza: miezi 6 ikipita bila malipo, thamani ya ardhi ihesabiwe upya. Migomba na nyumba zilizoongezwa baada ya tarehe ya kuhesabu zibaki nje, hapo hatubishani.

Tatizo la pili limo kwenye makabati ya ofisi yako. Wanaouziana ardhi huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5. Watu wako wanalijua hilo, ndiyo maana huthamini wenyewe kabla ya ushuru kulipwa. Basi takwimu hizohizo zitumike kwenye fidia. Haiwezekani ardhi iwe ghali mnunuzi anapolipa ushuru, halafu iwe rahisi serikali inapoichukua.

Tena mlinganisho wa bei za ardhi ufanywe kwa makini. Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, ina uzio: anayekaa karibu na mahali pa kutokea, kama Kajjansi, ana mali; aliye nyuma ya uzio ana kelele na mzunguko mrefu. Kwenye reli itakuwa vivyo hivyo, bei itapanda penye stesheni.

Kwenye ardhi ya mailo, ambako hati inaweza kuwa ya mmoja na kibanja, yaani kipande kinachokaliwa, kikawa cha mwingine, fomu iwe na mistari miwili, wa mwenye hati na wa mwenye kibanja, wote wakisaini mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Ukiandikwa mmoja tu, mwenye kibanja ataishia mahakamani na risiti zake za busuulu, kodi anayomlipa mwenye hati.

Na vipande vinavyobaki. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kikikatwa futi 70, kinabaki kipande cha 50 kwa 30. Ukiacha nafasi za pembeni zinazotakiwa, hakijengeki nyumba ya maana wala hakipati mnunuzi. Mwenyewe akitaka, kichukuliwe chote na kilipiwe chote.

Wathamini na wapima ardhi,
Mukono