Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanuni za Manuizo Zinapobadilika Katikati ya Majaribio

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi kubwa ya chama chetu cha wajaribu michezo ya kuigiza wahusika mezani imekuwa manuizo ya kichawi, yaani uchawi ambao wahusika huutumia mchezoni. Silaha, deraya na stadi za wahusika, wabunifu wa michezo wamezigusa kidogo tu. Maandishi ya manuizo ndiyo yaliyobadilika mara kwa mara, na ndiyo yaliyotishia kuifanya kazi yetu isiwe na thamani kwa wabunifu wanaotutegemea. Mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina. Mimi nitaeleza taratibu ambazo kamati imezisimamia, sababu zake, na mahali ambapo bado meza zetu zinateleza.

Panga zote katika mchezo hufuata kanuni moja, lakini kila nuizo huja na kanuni yake: gharama, umbali, walengwa, namna ya kujinusuru (dadu anayotupa mlengwa ili kukwepa au kupunguza athari), matokeo na muda. Ukigusa kimoja, vingine vinasogea. Kwa hiyo msimamo wa kamati ni huu, na naomba usilegezwe na meza yoyote: maoni yasiyo na namba ya toleo hayahesabiwi. Mchezaji anapoandika kwamba nuizo la moto “lina nguvu mno”, na hatujui alisoma maandishi yapi, hatuwezi kumpelekea mbunifu maoni hayo. Yanaweza kuwa malalamiko juu ya kosa lililokwisha kusahihishwa.

Namba zetu zina sehemu 3, mfano 0.4.2. Sehemu ya mwisho hupanda maandishi ya nuizo moja au machache yanapobadilika. Ya kati hupanda kanuni inayogusa manuizo yote inapobadilika, kama vile namna ya kujinusuru au idadi ya nafasi za kunuizia, yaani mara ambazo mhusika anaweza kunuiza kabla ya kupumzika. Faida yake huonekana wakati wa kujumlisha. Toleo likitoka 0.4.1 kwenda 0.4.2, kumbukumbu za manuizo ambayo hayakuguswa bado ni halali na tunaziunganisha. Likienda 0.5.0, tunafunga daftari na kuanza upya. Inauma kuacha kazi ya miezi, lakini kuchanganya takwimu za kanuni mbili tofauti kunauma zaidi, kwa sababu kosa hilo halionekani.

Maandishi mapya hayaingii mezani chini ya saa 48 kabla ya kikao. Yakichelewa, yanasubiri kikao kinachofuata, hata kama mbunifu ana haraka. Kila nuizo linachapwa kwenye kadi yake, namba ya toleo ikiwa kwenye kona ya chini kulia, na ukingo wa kadi una rangi ya toleo hilo ili msimamizi wa mchezo aone kutoka ng'ambo ya meza kama kuna kadi iliyopitwa na wakati. Kadi za zamani hukusanywa kwa mkono. Kuwaambia wachezaji wazitupe hakutoshi, maana daima kuna inayobaki ndani ya karatasi ya mhusika. Wanaotumia karatasi za wahusika kwenye simu wanatakiwa kufuta maandishi ya nuizo huko na kubakiza jina tu, ili maandishi yasomwe kwenye kadi.

Swali lililoletwa zaidi kwa kamati lilihusu nuizo ambalo tayari linafanya kazi kanuni inapobadilika. Jibu letu: lililonuizwa chini ya toleo la zamani huisha chini ya toleo la zamani. Kama muda wake unavuka kikao, kwa mfano kinga ya siku 7 au kiumbe aliyeitwa, linakatishwa kikao kipya kinapofunguliwa na mnuizaji anarudishiwa nafasi yake pamoja na kitu chochote cha thamani kilichoteketezwa. Kurudisha huku kunazuia wachezaji kuhifadhi manuizo marefu kabla ya tarehe ya mabadiliko, tabia inayoharibu vikao vyote viwili.

Mchezaji ambaye nuizo lake limebadilika kimsingi anaruhusiwa kulibadilisha na jingine la daraja (kiwango cha nguvu) lilelile bila gharama, ila baada ya kulitumia kwa kikao kimoja chini ya maandishi mapya. Akiruhusiwa kubadilisha mapema, kila nuizo lililopunguzwa nguvu litakimbiwa kabla ya kupimwa. Asiporuhusiwa kabisa, fomu yake ya maoni itajaa hasira ya kufungwa na chaguo la zamani, nasi tutaisoma kama ubovu wa kanuni.

Kosa likigunduliwa katikati ya kikao, msimamizi anatoa uamuzi, anaweka alama ya U kwenye fomu, na kuandika maneno aliyoyatumia. Kadi haichorwi. Uamuzi huo unadumu hadi mwisho wa kikao kwenye meza hiyo tu. Nuizo lenye alama ya U linatolewa kwenye hesabu, lakini sentensi ya uamuzi inapelekwa kwa mbunifu, na mara nyingi ndiyo yenye faida kuliko takwimu zote za siku hiyo.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo meza zetu zilipoteza muda mwingi. Nuizo la madhara ya dadu 8 za pande 6 lina wastani wa pointi 28. Kama walengwa hujinusuru nusu ya mara, na anayejinusuru hupata nusu ya madhara, wastani kwa kila mlengwa ni 21. Mbunifu akiongeza dadu moja, wastani unafika karibu 23.6. Je, meza inaweza kuiona tofauti hiyo? Kwa mlengwa mmoja, matokeo ya nuizo hili hutawanyika kwa takriban pointi 8 juu na chini ya wastani wake, na ili kuitambua tofauti ya 2.6 kwa uhakika wa kuridhisha unahitaji kulinuiza mara 150 hivi au zaidi kwa kila toleo. Hakuna meza itakayofanya hivyo. Badiliko la dadu moja lihesabiwe kwenye karatasi, dakika 10 zinatosha, na vikao viachiwe yale ambayo karatasi haiwezi kuyajibu.

Eneo ni jambo la uzito mwingine kabisa. Nuizo hilohilo likinasa walengwa 3 linatoa wastani wa pointi 63. Likinasa 4 linatoa 84, yaani theluthi moja zaidi, na hakuna dadu iliyoguswa. Nusu kipenyo ikitoka mita 4 hadi 5, eneo la duara linakua kwa asilimia 56. Wachezaji huiona dadu ya ziada na kupiga kelele, ilhali mita moja ya ziada inapita kimya. Ndiyo maana fomu inauliza walengwa waliokuwa ndani ya eneo, na wala si madhara peke yake.

Maneno madogo ya wakati nayo yasomwe kwa jicho kali. Chukua nuizo la kupooza ambapo mlengwa aliyeshindwa mwanzoni hujaribu tena kujinusuru mwishoni mwa kila zamu yake. Kama nafasi yake ya kufaulu ni nusu, atapoteza kwa wastani zamu 2. Badilisha “mwishoni” iwe “mwanzoni”, na wastani unashuka hadi zamu 1, kwa kuwa anaweza kufaulu kabla zamu ya kwanza haijampotea. Nguvu ya nuizo imekatwa nusu kwa neno moja, na mchezaji anayesoma haraka hataona kilichobadilika. Kuanzia sasa kila badiliko la neno la wakati linapigiwa mstari kwenye kadi kwa vikao 2 vya kwanza.

Neno pana ni hatari vilevile. Katika toleo la 3 la Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, la mwaka 2000, nuizo la Haste, la kuongeza kasi, lilimpa mlengwa tendo la ziada kila raundi, na mnuizaji akaweza kulitumia tendo hilo kutoa nuizo la pili. Marekebisho ya 2003 yalilibana hadi shambulio moja la ziada kwa anayetumia raundi nzima kushambulia. Tatizo lilikuwa limekaa kwenye neno “tendo”, lililoshika mambo mengi kuliko ilivyohitajika. Kwa hiyo neno la jumla linapobadilishwa maana, mtunza maandishi wa meza anapitia kadi zote zenye neno hilo na kuziorodhesha kabla ya kikao. Kadi moja ikisahauliwa, “kupooza” kutakuwa na maana mbili kwenye pambano moja.

Pia angalieni anayetupa dadu. Counterspell, nuizo la kuzuia nuizo la mwingine, katika kitabu cha 2014 cha mchezo huohuo lilifaulu lenyewe dhidi ya nuizo la daraja sawa au la chini ya nafasi iliyotumika, na dhidi ya la juu zaidi anayezuia ndiye aliyetupa dadu. Katika kitabu cha 2024, mnuizaji anayezuiwa ndiye anayetupa dadu ya kujinusuru, na akishindwa hapotezi nafasi yake. Badiliko la namna hii linagusa pande zote mbili za meza, hivyo lazima lijaribiwe mara moja na adui akizuia na mara nyingine akizuiwa. Meza zilizolijaribu upande wa wachezaji pekee zilileta nusu ya jibu.

Muundo wa siku ya mchezo ndio unaodanganya kuliko vyote. Kikao chenye pambano moja kati ya mapumziko mawili kinamruhusu mnuizaji kumaliza nafasi zake zote bila hofu, na kila nuizo litaonekana limezidi. Jaribio la manuizo liwe na mapambano 3 au 4 kabla ya mapumziko, na la mwisho lisitangazwe. Hapo ndipo utajua kama mchezaji analithamini nuizo kiasi cha kulibania. Msimamizi naye asiwalegeze maadui kwa sababu ameona nuizo ni kali. Atumie maadui walewale, nafasi zilezile na mbinu zilezile kwa kila toleo.

Manuizo yasiyo ya vita hayana wastani wa kuhesabu. Tunayapima kwa matukio 3 ya kudumu: mlango uliofungwa, mlinzi wa kushawishiwa na korongo la kuvukwa. Tunaandika kama nuizo limemaliza tukio peke yake, na ni mhusika yupi aliyebaki bila kazi. Nuizo la kuruka linalomwacha mpandaji milima akitazama katika kila kikao lina tatizo, hata kama kila mtu alifurahi.

Wachezaji wenye uzoefu wanahitaji uangalizi wa pekee, maana hucheza kwa kumbukumbu. Jina la nuizo likiwa lilelile, watatumia kanuni waliyoizoea na kuapa kwamba ndiyo iliyo kwenye kadi. Dawa ni mbili: kadi isomwe kwa sauti kila nuizo linapotumika kwa mara ya kwanza katika kikao, na pale badiliko ni kubwa, nuizo lipewe jina la muda. Vikao vya kwanza chini ya maandishi mapya hupima kujifunza zaidi kuliko kanuni yenyewe, hivyo kila toleo lipate angalau vikao 2, na dakika za kikao cha kwanza zisihesabiwe kwenye kasi ya mchezo.

Kuhusu fomu: takwimu kwanza, hisia baadaye. Toleo, ngazi ya mhusika, daraja la nafasi iliyotumika, walengwa, waliojinusuru, raundi ambazo nuizo lilidumu, na maswali yaliyoulizwa kabla halijatatuliwa. Safu hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Nuizo linalozua swali lilelile kwenye meza 3 tofauti limeandikwa vibaya, hata kama hesabu yake ni safi. Kuandika “ni bovu” hakumsaidii mbunifu. Andika ulichotaka kufanya, ulichosoma na kilichotokea.

Mkutano mkuu utaombwa kuamua mambo mawili. La kwanza, kila meza iteue mtunza maandishi asiyekuwa msimamizi wa mchezo, kwa sababu msimamizi anayeendesha pambano hawezi pia kukagua kadi. La pili, tusipokee zaidi ya badiliko moja la kanuni ya jumla kwa wakati mmoja. Majaribio ya hadharani ya Dungeons & Dragons yaliyoanza 2022 yalipendekeza kuyapanga manuizo katika orodha kuu 3, na kitabu cha 2024 kikabaki na orodha ya kila taaluma ya mhusika. Pendekezo la ukubwa huo linastahili kupimwa likiwa peke yake. Likija pamoja na kanuni mpya ya kujinusuru, hatutajua lipi limewapendeza wachezaji na lipi limewachosha.

Kamati inamshukuru katibu kwa kulitunza daftari la mabadiliko bila kuruka toleo hata moja. Wanachama ambao bado wana kadi za 0.3 wanaombwa kuzikabidhi kwake kabla ya mkutano, na fomu ambazo hazijajazwa namba ya toleo zitarudishwa kwa meza husika.

Mwenyekiti